Kisu au Banzi: Aliyevunjika Naye Aulizwe

Ilikuwa msimu wa karafuu wa mwaka 2016, katika kijiji kimoja cha kaskazini ya Pemba. Kijana wa miaka 26, mtoto wa dada yangu, alikuwa juu ya mkarafuu tangu alfajiri, na tawi alilolikanyaga lilikuwa bado lina umande. Pakacha lilitangulia kufika chini, naye akalifuata. Wenzake walimnyanyua kwa kitanda cha kamba hadi barabarani, wakamtia katika gari ya mizigo, na kabla ya adhuhuri alikuwa amekwisha kupigwa picha hospitalini. Mfupa wa paja la kulia ulikuwa umevunjika katikati.

Daktari aliyempokea alikuwa na wagonjwa wengi na maneno machache. Alisema kijana anahitaji operesheni, akatoa karatasi ya kutiwa saini, akaenda zake. Sisi jamaa tukatoka nje, tukakaa chini ya mwembe, tukafanya kikao. Tulikuwa watu tisa. Ami yake alisema kwamba mtu akishatiwa chuma mwilini huwa hana nguvu tena. Mwengine alisema nusukaputi imewahi kumlaza mtu asiamke. Wa tatu aliuliza fedha zitatoka wapi, na nani atakaa hospitalini wakati karafuu zinaanguka shambani. Mimi, mjomba wake, niliyezoea kusema mbele za watu katika mikutano ya Chama, siku ile nilinyamaza. Jioni tukamchukua kijana wetu tukampeleka kwa fundi wa viungo.

Wiki tatu baadaye uvimbe ulikuwa umepungua, lakini mguu wa kulia ulikuwa mfupi kuliko wa kushoto kwa upana wa vidole vitatu. Tukarudi hospitalini kwa aibu. Operesheni ambayo siku ya kwanza ingekuwa ya kawaida ikawa nzito, kwa sababu misuli ilikuwa imekwisha kujikunja na mfupa umeanza kujiunga pale pasipostahiki. Leo anatembea, lakini anachechemea, na mkarafuu hapandi tena.

Ninaandika haya kwa sababu kila msimu, kila ajali ya bodaboda na kila mtoto anayeanguka mwembeni huleta kikao kama kile chetu. Swali huwa lilelile: apasuliwe au asipasuliwe? Na mara nyingi jibu hutolewa na hofu, au na fedha, au na mwenye sauti kubwa. Yafaa basi, ndugu msomaji, tulitazame jambo hili kwa utulivu, kabla hatujafikwa.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba hapana daktari anayeunga mfupa, wala hapana fundi wa viungo anayeuunga. Mfupa hujiunga wenyewe, kwa uwezo aliouumba Mola ndani yake. Unapovunjika, damu huganda mahali pa mvunjiko. Baada ya siku kadhaa hujitengeneza nyama ngumu kama gegedu. Kisha nyama hiyo huingia chokaa na kuwa mfupa mpya, ambao kwa miezi na miaka hujichonga kurejea umbo lake. Kazi ya mwanaadamu ni kuvirudisha vipande mahali pake na kuvishikilia visicheze mpaka kazi hiyo itimie. Banzi hushikilia kwa nje. Plasta hushikilia kwa nje. Kuvuta mguu kwa vizito kitandani hushikilia kwa kuunyoosha. Na chuma kinachotiwa kwa operesheni hushikilia kwa ndani. Kwa hivyo hoja yetu iwe hii: mvunjiko huu wa mtu huyu utashikwa vyema na kitu gani, kwa hatari ndogo kabisa?

Wazee wetu wa elimu hawakuliona jambo hili kuwa dogo. Abul-Qasim al-Zahrawi wa Andalusi, aliyefariki mwaka 1013, aliandika kitabu cha tiba chenye sehemu 30, na ile ya mwisho, ya upasuaji, ina michoro ya vyombo vya kazi pamoja na mafunzo ya kuunga mifupa na kurudisha viungo vilivyotenguka. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alitahadharisha juu ya kuharakisha kufunga mabanzi siku za mwanzo, wakati kiungo kingali kinavimba. Tahadhari hiyo ina umri wa karibu miaka elfu, na hadi leo kuna wanaopoteza mikono kwa kuisahau.

Wala udaktari wa mifupa wa Ulaya haukuzaliwa mbali na mafundi wa viungo. Katika kisiwa cha Anglesey, huko Wales, kulikuwa na ukoo wa mafundi wa viungo ambao inasimuliwa kwamba ulianza na mtoto aliyeokolewa baharini baada ya chombo kuzama. Mmoja wa ukoo huo, Evan Thomas, alifanya kazi yake Liverpool, akashitakiwa mara kwa mara na madaktari; akaamua kuwapeleka wanawe watano wakasomee udaktari. Mmoja wao, Hugh Owen Thomas, aliyeishi kutoka 1834 hadi 1891, alibuni fremu ya chuma ya kunyooshea mguu. Mpwa wa mkewe, Robert Jones, aliieneza katika Vita Kuu ya Kwanza, nayo ikaokoa roho za askari wengi waliovunjika mapaja. Plasta ya jasi nayo ilitangazwa na daktari wa jeshi la Uholanzi, Antonius Mathijsen, mwaka 1852. Na ule msumari mrefu wa chuma unaopitishwa ndani ya uwazi wa mfupa wa paja ulianza kutumiwa na Gerhard Küntscher, huko Kiel, Ujerumani, mwaka 1939. Hivyo elimu hii ni mnyororo mmoja, na aliye kwenye pete ya nyuma asidharauliwe na aliye kwenye pete ya mbele.

Sasa tuje kwenye uchaguzi wenyewe. Wako wanaoogopa kisu pale kinapohitajika, na tumekwisha kuwaona. Lakini wako pia wanaokidai pale kisipohitajika, wakidhani kwamba tiba kubwa ndiyo tiba bora. Mimi nimekuwa katika makundi yote mawili. Miaka michache baada ya mkasa wa mpwa wangu, nilianguka na baskeli nikavunjika mfupa wa mkono karibu na bega. Kwa kuwa nilikwisha kuungua, nilifika hospitalini nikidai operesheni, tena kwa sauti ya mtu anayejua wakubwa. Daktari mmoja kijana alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaninyooshea picha kwenye mwanga na kunieleza kwa Kiswahili fasaha kwa nini mkono wangu ulihitaji kitambaa cha shingoni na mazoezi tu. Alinambia kwamba nchini Uingereza watu 250 waliovunjika mahali kama hapo, na vipande vikahama, waligawanywa kwa kura, wengine wakapasuliwa na wengine wasipasuliwe. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015: baada ya miaka miwili hapakuwa na tofauti ya maana baina yao katika uwezo wa kutumia mkono. Nilitoka nimevaa kitambaa, na sauti imeshuka. Leo mkono huo ninaunyanyua kama zamani, isipokuwa kidogo wakati wa baridi ya kusi.

Mifano ya namna hiyo ipo mingine, nayo ni ya manufaa kwa vijana wetu wa mpira. Nchini Sweden, vijana 121 waliokatika kano ya mbele ya goti waligawanywa: wengine wakapasuliwa mapema, wengine wakapewa mazoezi kwanza, na kupasuliwa baadaye ikibidi. Matokeo ya mwaka 2010 yalionesha kuwa baada ya miaka miwili makundi hayo mawili yalikuwa sawa. Na baada ya miaka mitano takriban nusu ya wale walioanza kwa mazoezi walikuwa hawajahitaji kufanyiwa operesheni ya kano hiyo. Nchini Norway watu 554 waliokatika kano ya kisigino walifuatiliwa, na matokeo yakatolewa mwaka 2022. Baada ya mwaka mmoja waliopasuliwa na wasiopasuliwa walikuwa karibu sawa katika kutembea na kufanya kazi. Hata hivyo, katika kila wasiopasuliwa 100, takriban 6 walikatika tena, na kwa waliopasuliwa hakufika hata 1. Ilhali waliopasuliwa ndio waliopata zaidi madhara ya mishipa ya fahamu. Hapo ndipo panapoonekana maana ya kuchagua. Mchezaji anayeishi kwa miguu yake anaweza kuipima hatari hiyo tofauti na mzee wa duka anayekaa kutwa, na wote wawili wakawa wamepima sawasawa.

Lakini isidhaniwe kwamba kila jeraha lina milango miwili iliyo sawa. La hasha. Mtu mzima aliyevunjika paja, kama mpwa wangu, akitibiwa kwa kuvutwa mguu kwa vizito, hulala wiki nyingi asiweze kugeuka, na mara nyingi mguu hujiunga ukiwa mfupi au umepinda. Akitiwa msumari wa ndani, husimama kwa magongo baada ya siku chache. Bibi kizee aliyevunjika nyonga kwa kuteleza uani ndiye ambaye watu humhurumia na kusema, kwa umri wake aachwe apumzike. Huruma hiyo humwua. Kulala huleta vidonda vya mgongoni, homa ya mapafu na damu kuganda katika mishipa. Ndiyo sababu madaktari hutaka mgonjwa wa namna hiyo apasuliwe ndani ya siku moja au mbili, akiwa mwili unaruhusu. Mfupa uliotoboa ngozi nao haungoji kikao: unataka dawa ya kuua vijidudu mapema, sindano ya pepopunda, na kidonda kusafishwa katika chumba cha upasuaji. Na mvunjiko ulioingia ndani ya kiungo, vipande vikahama, usipopangwa sawasawa humwachia mtu maumivu ya maisha.

Kwa upande mwengine, mfupa wa mkono juu ya kiwiko kwa mtu mzima mara nyingi hujiunga vyema ndani ya plasta au kifungo, na mifupa ya watoto hujinyoosha yenyewe kwa namna ya kustaajabisha. Mtoto mdogo aliyevunjika paja aghalabu hahitaji msumari kabisa. Lakini mtoto huyohuyo akianguka mpera akavunjika juu kidogo ya kiwiko, hapo pana hatari, maana mshipa mkubwa wa damu hupita karibu, na mtoto huyo ni wa kukimbizwa hospitalini siku ileile.

Hata pale penye kisu, visu ni vingi. Katika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam, wagonjwa 240 waliovunjika miundi kwa majeraha ya wazi waliingizwa katika utafiti, wengine wakitiwa msumari wa ndani na wengine vyuma vya nje, vile ambavyo watu huviita antena. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Kwa mambo makubwa, yaani kifo au kulazimika kupasuliwa tena, hapakuonekana tofauti kubwa baina ya njia hizo mbili baada ya mwaka mmoja. Utafiti huo ulifanywa kwa watu wetu, kwa ajali za barabara zetu, na ni wa kujivunia. Tena imekwisha kuonekana kwamba umasikini si kizuizi kisichoondoka. Shirika la SIGN, lililoanzishwa na daktari Lewis Zirkle wa Marekani mwaka 1999, limesambaza katika nchi nyingi masikini misumari ya mapaja na miundi inayoweza kutiwa bila ya mashine ya picha ndani ya chumba cha upasuaji.

Nini basi huwafanya watu wetu wachague vibaya? Kusema ni ujinga ni jawabu la mvivu. Nimekaa na jamaa za wagonjwa, na nimesikia sababu zao. Nauli ya mashua au ya boti. Chakula cha anayemuuguza. Siku za kazi zinazopotea, ambazo katika msimu wa karafuu ni mapato ya mwaka mzima. Foleni ya operesheni isiyojulikana mwisho wake. Karatasi inayotiwa saini bila ya kusomwa. Na juu ya yote, upweke wa wodini: kwa fundi wa viungo mgonjwa hulala ukumbini akizungukwa na jamaa zake, anaulizwa hali asubuhi na jioni, na anaelezwa kila kinachofanywa. Mtu hakimbii elimu. Hukimbia mahali asiposemeshwa.

Kwa mafundi wa viungo ninasema kwa heshima, kwani wapo miongoni mwao wenye mikono ya kheri, na nani kati yetu hakuchuliwa na bibi alipoteuka kifundo? Lakini amana ni nzito. Banzi likikazwa juu ya uvimbe, damu hukatika, na misuli huanza kufa ndani ya saa 6 hivi. Dalili ni hizi: maumivu yanayozidi badala ya kupungua, vidole vyenye ganzi, vilivyopoa au kubadilika rangi, na maumivu makali vinaponyooshwa. Hapo fungua banzi palepale, kisha mpeleke mgonjwa hospitalini. Wala usiseme ni dawa inafanya kazi. Plasta ya hospitali nayo ina hatari hiyohiyo, na mgonjwa aliyefungwa plasta akarudi usiku akilia asifukuzwe mpaka asubuhi. Na mfupa uliotoka nje ya ngozi usichuliwe, usipakwe kitu, wala usifungwe kwa matumaini.

Kwa mgonjwa na jamaa zake, kabla ya kukubali au kukataa, yafaa waulize maswali machache. Mvunjiko uko wapi, na vipande vimehama? Usipopasuliwa, utajiunga vipi na kwa muda gani? Ukipasuliwa, hatari ni zipi: kuoza kidonda, nusukaputi, mishipa ya fahamu, kurudi tena kutoa chuma? Tukingoja siku tatu, kunaharibika nini? Lini atarudi kazini, kwa njia hii na kwa ile? Anayeuliza hivyo hana utovu wa adabu kwa daktari. Hiyo ni haki yake, na daktari mwema hufurahi kuulizwa.

Kwa ndugu zetu viongozi na watendaji wa Serikali, maneno yangu ni matatu. Kwanza, idhini ya operesheni isiwe saini. Iwe mazungumzo, kwa Kiswahili, na picha ya mfupa ikioneshwa, na dakika kumi za kusikiliza. Dakika hizo ni rahisi kuliko operesheni ya pili. Pili, mafundi wa viungo wasiachwe pembeni. Visiwa vyetu vina Baraza la Tiba Asili, na masheha wanawajua mafundi wote kwa majina. Waitwe, wafundishwe dalili za hatari, na wapewe njia ya kumpeleka mgonjwa bila ya kuaibishwa mlangoni. Tatu, ihesabiwe gharama yote ya jeraha, pamoja na nauli na siku za kazi. Shirika la ZSTC limewahi kutoa fidia kwa walioanguka mikarafuu, na hilo ni jambo la kushukuriwa; lakini fidia inayomfika mtu akiwa amekwisha kuwa kilema ni fidia iliyochelewa. Msaada wa wiki ya kwanza, wa kumfikisha kwenye tiba inayomfaa, una thamani zaidi.

Kisiwa kinachoishi kwa mkarafuu, mnazi na bahari kinaishi kwa miguu na mikono ya watu wake. Kila paja lililojiunga vibaya ni mchumaji aliyepungua, ni baba anayengoja kuletewa, ni skuli iliyomkosa mtoto kwa sababu ada ya daftari haikupatikana.

Juzi nilikwenda kumtazama mpwa wangu. Sasa ana duka dogo la vifaa vya baskeli, na hali yake, alhamdulillahi, si mbaya. Tulipokuwa tukinywa kahawa nilimwomba radhi kwa ukimya wangu wa siku ile. Akacheka, kisha akanyamaza kidogo, akasema: "Mjomba, mlikuwa watu tisa chini ya mwembe, na mimi nilikuwa dirishani nikikusikieni. Nilikuwa nataka nipasuliwe. Hapana aliyekuja kuniuliza."

Sikuwa na jawabu, na hadi leo sina. Lakini wewe, ndugu msomaji, ambaye kikao chako bado hakijafika, siku kitakapofika, kabla hujatafuta rai ya wazee, ingia ndani kwanza ukamwulize aliyelala kitandani.